Moyo ukirudi kupiga, nani aingie chumba cha katheta usiku huo huo? Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Katibu Mkuu, Mganga Mkuu wa Serikali, wakurugenzi wa hospitali zenye vyumba vya katheta, na wasimamizi wa mifuko ya bima ya afya.

Waheshimiwa, salaam.

Mtu anaanguka kituo cha daladala Mbagala. Hapumui, hana mapigo. Watu wanamkandamiza kifua, mashine inamshtua mara mbili, moyo unarudi kupiga. Anafikishwa hospitali akiwa hajitambui, mpira wa kupumulia kooni. Hapo ndipo swali la barua hii linapoanza. Apelekwe usiku huo huo chumba cha katheta, ambacho kazini wengi wetu tunakiita kathilabu, mishipa ya moyo wake ipigwe picha na kuzibuliwa kwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa? Au aende ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) kwanza, katheta isubiri?

Jibu lisiachwe kwa yeyote aliyeko zamu. Tunaomba liandikwe, ukurasa mmoja tu, ndani ya Mwongozo wa Matibabu wa Taifa. Na liandikwe sasa, wakati vyumba hivi bado vinahesabika kwa vidole, kabla kila hospitali haijajizoesha desturi yake.

Tutenganishe maneno kwanza, maana "mshtuko wa moyo" mitaani hubeba mambo mawili. Shambulio la moyo ni mshipa kuziba: mgonjwa kwa kawaida yu macho, anatoka jasho, ameshika kifua. Moyo kusimama ni pampu kuacha kusukuma. La kwanza laweza kuleta la pili, lakini moyo husimama pia kwa bonge la damu lililoziba mapafu, damu kuvuja ubongoni, potasiamu kupanda kwa mgonjwa wa figo, misuli ya moyo iliyotanuka, kupigwa na umeme, kuzama majini, sumu. Katheta ya mishipa ya moyo inatibu shambulio la moyo tu. Ukiwapeleka wote mbio, umeshaamua kwamba wote wana ugonjwa mmoja.

Fikra ya "wote waende haraka" haikuzuka hewani. Mwaka 1997 madaktari wa Paris walichapisha matokeo ya wagonjwa 84 waliofufuliwa nje ya hospitali na kupigwa picha ya mishipa papo hapo: 48% walikuwa na mshipa ulioziba muda si mrefu. Mwaka 2010, Paris hiyo hiyo, kati ya wagonjwa 435 waliopigwa picha, hata ambao ECG yao (mchoro wa umeme wa moyo) haikuonyesha ST kupanda (sehemu ya mchoro inayoinuka mshipa wa moyo unapoziba ghafla), 58% walikutwa na angalau mshipa mmoja uliobana sana. Nani asingeshawishika? Lakini kukuta mshipa umebana kwa mvutaji sigara wa miaka 65 siyo kukuta kilichosimamisha moyo wake. Mafuta yale huenda yamekaa ukutani mwa mshipa miaka kumi bila kumsumbua. Tena, katika hesabu za aina hiyo, anayepelekwa kwenye katheta ni yule ambaye daktari ameona ana matumaini. Aliye hoi anaachwa. Mwishoni unalinganisha wagonjwa wawili tofauti, ukidhani unalinganisha tiba mbili.

Ndiyo maana ilibidi wagonjwa wagawanywe kwa bahati nasibu. Uholanzi, utafiti wa COACT uliotoka 2019 uliwachukua watu 552 waliofufuliwa kutoka kwenye mdundo unaokubali kushtuliwa, hawajitambui, ECG haina ST iliyopanda, na hawako katika hali ya presha kuporomoka. Kundi moja lilipigwa picha kwa wastani ndani ya saa 2.3, kundi jingine baada ya takriban saa 122, yaani siku tano, wakisubiri ubongo uamke. Baada ya siku 90 walikuwa hai 64.5% wa kundi la haraka na 67.2% wa kundi la kusubiri. Mshipa uliozibwa na damu iliyoganda ulikutwa kwa takriban watu 5 tu katika kila 100. Katika kundi la kusubiri, kama theluthi moja hawakuwahi kupigwa picha kabisa, na bado kundi hilo halikupungukiwa na uhai.

Ujerumani na Denmark wakafuata na utafiti wa TOMAHAWK, 2021, wagonjwa 530 katika hesabu ya mwisho. Safari hii waliingizwa hata wale ambao mdundo wao wa kwanza haukuwa wa kushtuliwa. Ndani ya siku 30 walikufa 54% wa kundi la haraka na 46% wa kundi la kusubiri. Kitakwimu pengo hilo halitoshi kusema haraka inaua, lakini haliachi mlango wa kusema haraka inaokoa. Ufaransa nao, katika EMERGE ya 2022, wagonjwa 279, hawakuona faida. Mwongozo wa Chama cha Moyo cha Ulaya wa 2023 ukayaweka wazi: mgonjwa aliyefufuliwa, mwenye damu inayozunguka vizuri na asiye na ST iliyopanda, asipelekwe kwenye katheta mara moja kama desturi.

Tunajua nani atainuka kusema hizo ni nchi zenye helikopta. Sawa. Kama haraka haikusaidia pale ambapo timu ya katheta inafika ndani ya nusu saa na ICU ina kila kitu, itasaidia vipi hapa, ambapo kumhamisha mgonjwa mwenye mashine ya kupumulia kutoka jengo moja hadi jingine ni kazi ya watu watano na mtungi wa oksijeni unaopungua?

Sasa ukurasa wenyewe. Mstari wake wa kwanza uwe juu ya ECG, kwa sababu uamuzi wote unaning'inia hapo, na hapo ndipo makosa yanapofanyika. Moyo uliotoka tu kusimama, uliokandamizwa, kushtuliwa kwa umeme na kumwagiwa adrenalini miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5, huchora mistari ya ajabu. ST hupanda bila mshipa wowote kuziba. Watafiti waliopima wagonjwa 370 waliona kwamba ECG iliyopigwa ndani ya dakika 7 za kwanza tangu mapigo kurejea ilidanganya kwa 18.5% ya wagonjwa. Iliyopigwa kati ya dakika ya 8 na ya 33 ilidanganya kwa 7.2%, baada ya hapo 5.8%. Kwa hiyo: mapigo yakirejea, andika saa. Subiri dakika 8 zipite. Piga ECG ya nyaya 12. Ikionyesha ST iliyopanda, na mgonjwa hajaanza safari, rudia baada ya dakika 10 hadi 15 wakati timu inaitwa. Ikiwa haionyeshi, rudia vile vile akifika ICU, maana nyingine hupanda baadaye.

Dakika 8 hizo siyo za kukaa. Pima presha, weka oksijeni ili kipimo cha kidole kisome kati ya 94% na 98%, pima sukari, chukua damu ya potasiamu na gesi za damu, na weka ECHO (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) kifuani kama ipo. ECHO ya dakika mbili inaonyesha chumba cha moyo cha upande wa kulia kilichovimba kwa bonge la damu mapafuni, maji yaliyozunguka moyo, au moyo uliotanuka siku nyingi. Vitu hivyo vitatu vyote vinageuza njia ya mgonjwa, na hakuna hata kimoja kinachohitaji stenti, yule mrija wa wavu wa chuma unaoachwa ndani ya mshipa ili ubaki wazi.

Anayepaswa kuingia kathilabu bila kungoja ni nani? Mwenye ST iliyopanda kwenye ECG iliyopigwa kwa saa sahihi. Mwenye presha iliyoporomoka ambayo inaonekana inatoka kwenye moyo wenyewe, siyo kwenye damu kupotea au maambukizi. Mwenye mdundo mbaya unaorudi tena na tena licha ya dawa. Na aliyeamka, anaongea, anasema kifua bado kinauma. Huyu mara nyingi husahaulika kwa sababu anaonekana mzima. Watu hawa wote hawakuwamo katika COACT, hivyo asije mtu akatumia COACT kumnyima katheta mgonjwa ambaye moyo wake unasimama kila baada ya dakika 20.

Hata kwenye ST iliyopanda pana nafasi ya busara. Aliyeanguka bila mtu kuona, asiyekandamizwa kifua na yeyote, mdundo wa kwanza ukiwa mstari ulionyooka, ikachukua zaidi ya dakika 30 moyo kurejea, pH ya damu (kipimo cha asidi) chini ya 7.2, laktati (asidi inayojaa mwili ukikosa oksijeni) juu ya 7: kadiri alama hizi zinavyojazana, ndivyo stenti inavyobaki kuwa chuma ndani ya mwili ambao ubongo wake umeshaondoka. Uamuzi huo wafanye daktari wa moyo na daktari wa ICU wakiwa wawili, waandike majina na saa. Asiachiwe daktari wa mafunzo saa nane za usiku peke yake na ndugu mlangoni.

Kwa wanaoingia, mambo machache yanayoharibika mara kwa mara. Mgonjwa asiyejitambua hawezi kusema kichwa kilimuuma kabla ya kuanguka. Kama waliokuwepo wanasema alishika kichwa, au ECHO na ECG hazielewani, CT (picha ya ndani) ya kichwa itangulie heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Heparini ya uniti 70 hadi 100 kwa kilo juu ya damu inayovuja ubongoni, au juu ya ini lililochanwa na mbavu wakati wa kukandamiza, haina msamaha. Mshipa wa mkono ni salama kuliko wa paja pale unapopatikana. Kama presha imeporomoka, zibua mshipa uliosababisha tu, mingine ibaki siku nyingine. Utafiti wa CULPRIT-SHOCK wa 2017 ulionyesha kwamba wagonjwa waliozibuliwa mishipa yote kwa mkupuo mmoja walikufa au kuishia kwenye mashine ya kusafisha figo zaidi ya wenzao. Vidonge vya kuzuia damu kuganda visagwe na kupitishwa kwenye mpira wa tumboni, huku ikijulikana kwamba utumbo wa mtu aliyetoka kufa na kupewa mofini husafirisha dawa polepole, hivyo stenti mpya inaweza kuziba ndani ya saa chache.

Waliobaki wote, na ndio wengi, wanakwenda ICU. Hapa ndipo tunapowasihi mtazame kwa macho mawili. Katika tafiti zote hizo, kilichowaua wengi ni ubongo, siyo moyo. Mgonjwa anayezungushwa kwenye lifti na korido akielekea kathilabu ni mgonjwa ambaye joto lake, hewa yake na presha yake hakuna anayevitazama sawasawa. COACT ilipima hata hilo: kundi la haraka lilifikia kiwango cha joto kilichokusudiwa baada ya saa 5.4, kundi la kusubiri baada ya saa 4.7.

Joto. Zamani tuliambiwa tugandishe wagonjwa hadi nyuzi 33. Utafiti wa TTM2 wa 2021, watu zaidi ya 1,800, ulionyesha kwamba nyuzi 33 haikuokoa zaidi ya kuzuia homa. Kwa hiyo lengo ni kutoruhusu joto livuke nyuzi 37.7, kwa saa 72 angalau kwa asiyeamka. Linasikika jepesi. Jaribuni Dar es Salaam mwezi wa Februari, wodini nyuzi 32, kiyoyozi kimekufa. Inahitajika parasetamo, shuka zilizoloweshwa, feni, barafu kinenani na kwapani, dawa ya usingizi ya kutosha ili asitetemeke (kutetemeka kunazalisha joto kuliko unavyoondoa), na kipimajoto cha ndani ya kibofu au umio kinachosoma muda wote. Cha kwapani mara mbili kwa siku hakisaidii kitu. Kifaa hicho ni kidogo sana ukikilinganisha na stenti, lakini kwenye maombi ya bajeti hatujui kinawekwa mstari gani.

Mengine kwa kifupi. Wastani wa presha ya ateri usishuke chini ya 65, kwa noradrenalini (dawa ya kupandisha presha) kupitia pampu na siyo kwa kukadiria matone. Kabonidioksaidi ya damu kati ya 35 na 45. Mfuko wa kupumulia ukiminywa kwa pupa huishusha, mishipa ya ubongo hujikunja, na ubongo uliokwisha kukosa damu unakosa tena. Potasiamu kati ya 4.0 na 4.5. Sukari isizidi 10 wala isiachwe kushuka. Degedege litibiwe kwa levetirasetamu au valproate. Na hukumu ya "huyu hataamka" isitolewe kabla ya saa 72, wala kwa kipimo kimoja, wala dawa ya usingizi ikiwa bado mwilini. Familia nyingi huombwa kuamua siku ya kwanza. Siku ya kwanza hakuna anayejua.

Akiamka, au ishara za ubongo zikiwa njema, hapo picha ya mishipa ipigwe kwa mpango, mchana, timu ikiwa kamili, figo zimeangaliwa. Kusubiri siyo kusahau. Ukurasa huo useme nani anayemfuatilia, la sivyo ataruhusiwa kwenda nyumbani bila picha na bila jibu.

Kuna suala la mikoani. Kutoka Mbeya hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 800. Kutoka Mwanza ni zaidi ya 1,100. Kipimo kinachokubalika ni kwamba kama waya wa katheta hauwezi kufika kwenye mshipa ulioziba ndani ya dakika 120 tangu utambuzi, basi dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ianze ndani ya dakika 10: tenekteplesi kwa uzito wa mgonjwa, au streptokinesi uniti milioni 1.5 kwa dripu ya dakika 30 hadi 60. Hata ndani ya Dar, gari likitoka Kigamboni au Gongo la Mboto saa moja jioni, dakika 120 si za kuhesabia. Ila kwa aliyefufuliwa pana mtego: kukandamizwa kifua kwa muda mrefu au kulikoumiza kunaongeza hatari ya kuvuja damu. Dawa isikatazwe moja kwa moja; ipimwe, dakika ngapi alikandamizwa, tumbo limevimba au la, aligonga kichwa alipoanguka au la. Na kwa asiye na ST iliyopanda dawa hii isiguswe. Huyo pia asipakiwe kwenye gari usiku kukimbizwa Dar kwa ajili ya katheta ambayo hata angekuwa mlangoni pake ingeweza kungoja. Anachohitaji ni ICU nzuri iliyo karibu, na simu ya daktari wa moyo inayopokelewa.

Kwa mifuko ya bima tuna ombi moja. Malipo yakifuata kifaa, uamuzi utafuata malipo. Stenti ikiwa na bei yake kwenye kitita, na saa 72 za kudhibiti joto zisiwe nayo, msishangae kila mgonjwa anapogundulika anahitaji stenti. Kiandikeni kitita cha mgonjwa aliyefufuliwa: siku za ICU, mashine ya kupumulia, kipimajoto cha ndani, CT, ECHO mbili, na katheta kama kipengele kinachosubiri sababu iliyoandikwa. Kwa mwenye ST iliyopanda, geuzeni: idhini isitangulie. Dakika za kungoja jibu la bima au ndugu kuchangishana kwenye kundi la WhatsApp ndizo dakika msuli wa moyo unapokufa.

Na kathilabu hata ikiwa wazi usiku kucha haimpi kitu aliyeanguka na kusubiriwa hadi bajaji ipatikane. Kila dakika bila kukandamizwa na kushtuliwa hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban 7% hadi 10%. Mashine za kushtua moyo ziwekwe vituo vya mwendokasi, bandarini kwenye boti za Zanzibar, viwanjani na masokoni, na betri zake ziwe na mtu mwenye jina anayezikagua. Anayepokea simu ya dharura afundishwe kumwongoza mpigaji: mikono katikati ya kifua, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Mwisho ni daftari. Tangu 1991 dunia ina mtindo mmoja wa kuandika habari za mioyo iliyosimama, uliopewa jina la Utstein huko Norway ambako ulianzia. Tunaomba kila hospitali yenye kathilabu ijaze mstari mmoja kwa kila mgonjwa wa aina hii: saa aliyoanguka, nani aliona, nani alikandamiza, mdundo wa kwanza, saa mapigo yaliporejea, saa ya ECG na ilionyesha nini, saa ya katheta na kilichokutwa, joto la juu kabisa ndani ya saa 72, na siku ya 90 yuko wapi: kaburini, kitandani, au kazini. Muuguzi mmoja atatumia dakika kumi. Baada ya mwaka mmoja tukutane mezani na madaftari hayo, tuone ni wangapi waliingizwa kathilabu usiku bila sababu, na wangapi walioachwa nje waliokuwa na sababu.

Ni sisi, madaktari na wauguzi wa idara za dharura, ICU na vyumba vya katheta.